Sista Mpya Katika Zahanati Yetu

Kama unasonga ugali au unamnyonyesha mtoto, endelea tu, ila uniazime sikio. Na baba, kama uko hapo karibu, usiondoke ukidhani haya ni mambo ya wanawake.

Leo sitazungumza juu ya ugonjwa wowote. Ningependa tumzungumzie mtu unayekutana naye kila uendapo kliniki, naye ni sista. Hasa yule sista mpya aliyemaliza chuo majuzi. Unamjua. Sare yake bado inang'aa. Anaandika pole pole kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto. Ukimwuliza jambo, kwanza anatazama mlangoni kama kuna mkubwa wake anayepita, ndipo akujibu. Miezi mitatu iliyopita hakuwepo, na pengine mwakani hatakuwepo.

Utaniuliza, mama, shida za sista zanihusu nini mimi, na zangu nyumbani hazijanitosha? Zakuhusu sana. Mkono wake ndio unaopima presha yako ukiwa mjamzito. Ndio unaomdunga mtoto chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndio unaompokea mtoto usiku wa manane. Mkono huo ukitetemeka kwa hofu, au mwenye mkono akichoka hata asijali tena, wa kwanza kuumia ni wewe na mtoto wako.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, nilisomea diploma, na nimefanya kazi katika zahanati na pia wadini. Nataka nikueleze yaliyo nyuma ya lile dirisha la kliniki, maana akina mama wengi hawajaelezwa.

Chuoni tunafundishwa kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja. Unamkaribisha, unajitambulisha kwa jina, unamweleza utakalomfanyia, unaosha mikono, unavaa glavu, unafanya, unaandika. Mwalimu amesimama kando anatoa alama. Halafu unaajiriwa. Siku ya kwanza unakuta benchi limejaa hadi nje chini ya mwembe, glavu zimebaki kidogo, rejista ni tano za kujazwa, na yule mkubwa wa kukuongoza ameitwa mkutanoni. Zahanati nyingi za mashambani zina wauguzi wawili au watatu, na kuna siku utamkuta mmoja peke yake. Ikiwa siku hiyo mmoja huyo ndiye mpya, basi ndiye daktari, ndiye karani, ndiye mkunga, ndiye wa dawa.

Hali hii si ya Kenya pekee wala si ya juzi. Mwaka 1974 muuguzi mmoja wa Marekani, Marlene Kramer, aliandika kitabu kizima kuhusu sababu za wauguzi kuacha uuguzi. Aliuita mshtuko wa kukutana na hali halisi. Alieleza kwamba muuguzi mpya huanza kwa furaha kama bibi harusi katika fungate. Baada ya muda fungate huisha, naye anaanza kukasirika, kuchoka na kulaumu kila kitu: hospitali, wenzake, hata wagonjwa. Wengine hupita hapo wakatulia na kuwa wauguzi wazuri. Wengine huondoka, na wengine wanabaki miili tu, mioyo imeshakwenda.

Hapa kwetu mzigo umeongezwa na mambo mnayoyakumbuka. Tarehe 1 Juni 2013 ada ya kujifungua iliondolewa katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema sana, nasi tuliwaona akina mama waliokuwa wakizalia nyumbani wakija hospitali. Lakini mama walipoongezeka, wauguzi hawakuongezeka kwa kasi ile ile. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na mliokuwa wajawazito mwaka huo mnajua mlivyohangaika. Mwaka 2021 serikali yetu na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Kwa hivyo sista mpya wa leo anapoanza kazi, mara nyingine tayari anawaza namna ya kuondoka.

Sasa tuje kwenye hulka, maana hapo ndipo akina mama wengi huwakosea masista, na masista wakawakosea akina mama.

Watu hawachukui shida kwa namna moja. Wewe mwenyewe una watoto, unajua. Ukiwagombeza wawili kwa kosa moja, mmoja atakujibu papo hapo na mwingine ataenda kujificha nyuma ya nyumba. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, William Moulton Marston, katika kitabu chake cha mwaka 1928 aligawa mienendo ya watu katika mafungu manne. Baadaye wengine walitumia mawazo yake kutengeneza fomu za maswali, na fomu hizo zimetumiwa kazini katika nchi nyingi, hata kwa wauguzi wapya, ili kuona mienendo yao inavyohusiana na msongo wa mawazo na moyo wao wa kazi. Nitayaeleza mafungu hayo kwa lugha ya nyumbani.

Yuko mtu wa haraka, mwenye kuamua na kusema wazi. Yuko mchangamfu, mwenye kucheka na kila mtu. Yuko mpole mtulivu, asiyependa ugomvi. Na yuko mwangalifu wa taratibu, anayetaka kila kitu kiwe kama kilivyoandikwa kitabuni.

Mimi siamini kwamba fomu inaweza kukuambia nani atakuwa muuguzi mzuri. Nimewaona wote wanne wakifanya kazi nzuri, na wote wanne wakiharibikiwa. Tena mtu mmoja anaweza kuwa mchangamfu asubuhi akawa mkali jioni, kulingana na alivyokula na alivyolala. Lakini kujua hulka kunasaidia jambo moja: unatambua msongo unapojificha, maana kwa kila mmoja unajificha mahali pake.

Kwa sista mchangamfu si vigumu kuujua. Akinyamaza, kila mtu anaona kuna jambo, na wenzake watamwuliza. Huyu simhofii sana.

Sista wa haraka akilemewa, hulka yake inageuka ukali. "Panda kitandani. Toa mkono. Haraka." Anatoa amri. Mama anaenda nyumbani akisema sista yule ana madharau. Huenda hana. Huenda amehesabu waliobaki kwenye benchi akaona jua linakwenda. Hapa lakini nataka nieleweke vizuri, mama. Msongo unaeleza ukali, hauuhalalishi. Hakuna uchovu unaompa sista ruhusa ya kukupiga kofi ukiwa na uchungu wa kuzaa, kukutukana, au kukuacha bila kukufunika mbele ya watu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma ya afya, ikiwemo ya uzazi, na kifungu cha 28 kinasema utu wako uheshimiwe. Likitokea jambo kama hilo, mwone msimamizi wa kituo, au kamati ya kituo, na likiwa zito lipelekwe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Usinyamaze.

Sista mwangalifu naye hulemewa kwa njia nyingine. Amefundishwa njia moja, anakuta wakubwa wanafanya nyingine. Chukua mfano wa chanjo ya surua na rubela. Chupa tunayotumia ina dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake ni lazima itumike ndani ya masaa 6, kisha inayobaki inamwagwa. Sasa wewe umefika Jumanne na mtoto wa miezi 9, umetembea kutoka ng'ambo ya mto, na siku hiyo mtoto wa surua ni wako pekee. Sista anajua mtoto akifika anapaswa kuchanjwa. Lakini ameambiwa na mkubwa wake asifungue chupa kwa mtoto mmoja, angoje wafike wengi, chanjo zisiharibike. Anasimama katikati. Akifungua atagombezwa, asipofungua wewe utamgombeza. Kwa maoni yangu mtoto akishafika achanjwe, maana njia ya kurudi ni ndefu na mama wengine hawarudi. Ila ukiambiwa urudi Alhamisi, usimrukie yule msichana. Uliza kwa upole nani aliyetoa agizo hilo, kisha umwone msimamizi mwenyewe. Mara nyingi utakuta chupa inafunguliwa.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule wa tatu, sista mpole.

Akina mama wanampenda. Hagombezi, hapazi sauti, anakusikiliza. Wakubwa wake pia wanampenda, kwa sababu akipangiwa zamu tatu za usiku mfululizo hasemi neno. Kwa nje hana shida. Lakini mpole akilemewa hanung'uniki, ananyamaza zaidi. Na jambo analolihofu kuliko yote ni kumsumbua mtu. Hapo ndipo penye hatari.

Fikiria wadi ya wazazi saa nane usiku. Yuko mama aliyejifungua jana. Kichwa kinamwuma sana, na taa anaiona kama ina ukungu. Sista mpya amempima presha, amekuta imepanda. Chuoni alisoma kwamba presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, hiyo ni ishara ya kifafa cha mimba, na kwamba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Anajua. Lakini daktari wa zamu amelala, na juzi alipoamshwa kwa jambo dogo alifoka mbele ya wagonjwa. Sista anajiambia, labda nilipima vibaya. Labda nipime tena baada ya saa moja.

Saa hiyo moja, mama, ndiyo inayoweza kukutoa duniani.

Sista huyo si mjinga wala si mvivu. Elimu anayo. Alichokosa ni ruhusa ya kuuliza. Na ruhusa hiyo, wa kwanza kuitoa ni wakubwa wetu kazini. Mkubwa anayesema "niamshe hata kama ni mara kumi" anaokoa watu kuliko mashine nyingi. Huko Korea Kusini wauguzi wana neno, taeum, maana yake kuchoma, wanalolitumia kwa jinsi wauguzi wakongwe wanavyowatesa wapya kwa maneno na dharau wakidai wanawafunza. Sisi hatuna jina la jambo hilo, lakini jambo lenyewe tunalo. Mahali fulani nilipofanya kazi mwanzoni, mpya akiuliza swali alijibiwa, "Kwani huko chuoni mlifundishwa nini?" Watu wakicheka. Baada ya mwezi hakuna mpya aliyeuliza kitu tena. Si kwamba tulikuwa tumejua yote.

Lakini nawe mama unaweza kutoa ruhusa hiyo, na ndiyo maana nimekuja redioni leo. Kuna sentensi ndogo ambayo ningependa uiweke kichwani kama unavyoweka tarehe ya kliniki. Ukiona sista anasitasita, mwambie hivi: "Sista, kama kuna mkubwa wa kuulizwa, muulize tu, mimi nitangoja."

Basi. Usiseme, "Wewe hujui, niitie daktari mwenyewe." Hiyo inamfunga. Akisikia hivyo, yule wa haraka atakujibu vibaya, na yule mpole atajifanya anajua ili asiaibike. Lakini ukimwambia utangoja, umemwondolea aibu. Anakwenda kuuliza kwa niaba yako, si kwa ujinga wake. Nimeona sentensi hii ikifanya kazi kwa wote.

La pili, taja dalili yako mara moja na uitaje kamili, hata kama sista anaonekana ana shughuli. Akina mama wetu tumefunzwa adabu, tunaanza na salamu, tunauliza za nyumbani, dalili tunaiacha ya mwisho tukiwa mlangoni. Siku nyingine fanya hivyo, lakini si ukiwa na dalili ya hatari. Sema, "Sista, samahani nikukatize. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi na macho yanaona ukungu." Au, "Pedi imelowa yote na haijapita saa moja." Au, "Mtoto hajanyonya tangu jana usiku na ana joto." Maneno kama hayo yanampa sista mpole kitu cha kubeba mkononi anapokwenda kumwamsha daktari. Hataona anasumbua, anapeleka ujumbe. Na kama bado anasita, mwambie anayekuuguza aende naye.

La tatu ni dogo. Akikuhudumia vizuri, mwambie, na ukimwona msimamizi mwambie pia. Msimamizi husikia malalamiko kila siku, sifa ni mara chache.

Watafiti wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, mwaka 1991 walieleza kwamba mtu hubaki kazini kwa sababu tatu: anataka, anahitaji, au anahisi ana deni la wema. Nadhani hata ndoa ni hivyo, lakini hayo tuyaache. Anayebaki kwa sababu anahitaji, yaani ana mkopo na ada za wadogo zake, atakuja kazini kila siku na jina lake litakuwa kwenye orodha. Lakini utaona kwenye macho yake kwamba hayupo. Anayetaka ndiye anayekumbuka jina la mtoto wako. Kutaka huku hakuletwi na mshahara pekee, ingawa mshahara ucheleweshwe miezi mitatu halafu tuone nani atataka. Kunaletwa pia na kujua kwamba kuna watu ambao wangesikitika ukiondoka.

Sasa niseme na wewe mama ambaye sista mpya ni binti yako mwenyewe. Au kijana wako, maana siku hizi wanaume wauguzi ni wengi. Mlimsomesha kwa shida, mkauza ng'ombe, mkafanya harambee. Amepata kazi, tena pengine ya mkataba, kaunti ya mbali. Mshahara wa kwanza haujaingia na simu zimeanza: mjomba anataka, mdogo wake anataka, kanisa linataka. Nawaomba, katika mwaka wa kwanza mpunguzieni. Huo ndio mwaka mgumu kuliko yote.

Akija nyumbani kutoka zamu ya usiku, mwacheni alale. Mwili wa binadamu umeumbwa kulala giza likiingia, na usingizi wa mchana ni mwepesi, unavunjwa na kuku, redio na jirani. Fungeni pazia, watoto wachezee nje, na simu yake mwekeeni mbali. Kulala mchana baada ya kazi ya usiku si uvivu.

Umjue pia kwa hulka yake. Kama ni msemaji, atakuambia yaliyompata na utayachoka. Msikilize hivyo hivyo. Kama ni mpole, usimwulize "kazi inaendeleaje?" maana atakujibu "ni sawa tu," na hapo mazungumzo yamekwisha. Muulize, "Nani alikusaidia jana usiku?" Akijibu kwamba hakuna, na wiki ijayo tena hakuna, umeshajua hali yake. Mtie moyo atafute mmoja wa wakubwa anayemwamini, hata kama si wa wadi yake, awe anamwuliza mambo. Mmoja anatosha kuanzia.

Na kuna dalili ambazo usizichukulie kama uchovu wa kawaida. Analia kabla ya kwenda kazini. Hata siku za mapumziko hapati usingizi. Ameanza kutumia pombe, au dawa za usingizi, ili alale. Anasema hana maana, au heri asingezaliwa. Msongo wa kazi hupungua mtu akipumzika. Hayo niliyoyataja hayapungui kwa kupumzika. Mpeleke hospitali, na uende naye. Muuguzi naye huugua, na mara nyingi ndiye wa mwisho kujipeleka kutibiwa, kwa sababu anawajua wote walioko pale na anaona haya. Kama ni hivyo, mpeleke kituo kingine asikojulikana. Akisema neno lolote la kutaka kujiua, usimwache peke yake, na msingoje kesho.

Mama msikilizaji, muda wetu umekwisha. Kama una tarehe ya kliniki wiki hii, usisahau kijitabu chako, na nenda mapema kabla benchi halijajaa. Ukimkuta sista mpya, mwulize jina lake na umtajie la mtoto wako. Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya kumwanzishia mtoto wa miezi 6 chakula cha nyongeza, kwa hivyo wenye watoto wa umri huo wakae tayari. Kwaheri kwa sasa.